Ufa Niliouficha kwa Rangi ya Viatu

Mpendwa shemeji Mutiso,

Huko uliko sijui kama watu wanaendesha magari. Kama wanaendesha, nakuomba ukae nyuma.

Unakumbuka tulivyoingia Kitengela miaka ya tisini na mfuko mmoja wa patasi? Tulikuwa tumechoka kuwachongea watalii twiga. Wewe ndiye uliyeona wenye magari ya zamani ya mashindano, yale ya viti viwili bila paa, wakihangaika na usukani wa mbao uliopasuliwa na jua. Ukasema, "Huyu ni twiga tu, shemeji, ila amekunjwa." Tukajenga kibanda. Mimi kuunga mbao, wewe msasa na vanishi. Darasa la nne langu lilitosha, duara ni duara.

Lakini twiga ako na siri yake. Akipasuka shingo, unajaza gundi na unga wa mbao, unapaka rangi ya viatu, mtalii anaenda naye kwao akifurahi. Hakuna mtu hushika twiga kwa nguvu.

Usukani wa ile gari nyekundu ulikuwa na ufa chini, pale mbao inashikana na chuma. Dawa ilikuwa kukata kipande chote na kuunga kingine, siku nne. Mwenye gari alikuwa anakuja kesho yake. Nikaufanyia yale ya twiga.

Ukaniuliza, "Pale chini umekata?"

Nikakujibu, "Paka vanishi, wacha kunichunga kama mke wangu."

Ukapaka. Uling'aa mpaka nikaona meno yangu ndani, yale yalikuwa yamebaki.

Asubuhi ukaenda kuijaribu ile gari kwenye barabara ya Kajiado. Ng'ombe wakavuka, ukakata kona ghafla. Nilifika kabla ya polisi. Ulikuwa bado umeshika kipande cha mbao mkononi. Kilikatikia pale pale. Nilikufungua vidole kimoja kimoja, nikakitia kile kipande mfukoni.

Mazishini wakasema ulilewa. Na pombe ulipenda, usinikatalie. Mhubiri alihubiri pombe saa nzima, dada yangu Mwende ameinamisha kichwa mbele ya jeneza lako, na mimi kaka yake nikaitikia amina. Asubuhi ile ulikuwa umekunywa chai yangu tu, na ukalalamika haina sukari.

Barua ilikuwa inaishia hapo. Jana nikampelekea Mwende, pamoja na kile kipande. Alivaa miwani, akasoma mara mbili. Nilitafuta mzaha, nikakosa.

Akasema, "Miaka hii yote nawaambia watoto wasikuwe kama baba yao."

Akanirudishia barua, akachukua kipande chako, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa nje mpaka jua likaniondoa. Leo nimerudi, niko hapa kwa ngazi nikimalizia kukuandikia. Nasikia anatembea ndani. Hajafungua.

Ni mimi shemeji yako,
fundi wa twiga.