Siagi Kwenye Kalamu ya Felista

Jumatatu, 8 Agosti

Nimesuka mafungu ya vitunguu swaumu tangu asubuhi. Mikono inanuka mpaka chai inanuka. Felista alikaa mlangoni na kishikwambi chake, kile alichopewa na shangazi yake wa Arusha, anachora kwa kidole. Kuna dada wa Babati anayetengeneza vitabu vya watoto wadogo. Amemwambia achore picha chache za wanyama kwa majaribio, zimfikie Ijumaa. Zikimpendeza atampa kitabu kizima. Tangu mwanangu amalize kidato cha nne, ni mara ya kwanza mtu kumwita kwa kazi.

Mbuzi wake ana miguu kama nguzo za umeme. Siyo kosa lake. Kidole ni kinene, kinaziba kile anachokichora. Anachora, anafuta, anachora. Alisema zipo kalamu za kishikwambi, zingesaidia. Kisha akaendelea kuchora. Anajua hali ya nyumbani.

Kesho nitauza swaumu nimletee. Sijamwambia.

Jumanne, 9 Agosti

Nimeshuka Mbulu mjini. Swaumu karibu yote imekwenda. Nikaingia duka la simu la Mzee Hamisi, karibu na stendi. Kalamu zipo za namna tatu. Moja ina kichwa cha mpira, imenona kama kidole. Moja ina ncha nyembamba na kisahani cha plastiki kinachoonyesha chini yake, kidogo kama kifungo cha shati. Nyingine inachajiwa kama simu. Sikujua kama kalamu nayo huchajiwa.

Mzee Hamisi akauliza kishikwambi ni cha aina gani. Nikasema cheusi. Wateja wawili wakatazamana. Akauliza tena, ni cha kazi gani, kuandika au kuchora.

Hapo ndipo nilipoharibu. Jumapili kanisani jirani yangu Mama Yoana alimwona Felista na kishikwambi, akanipa hongera, eti mtoto amepata ukarani wa sensa, maana makarani hupewa vishikwambi. Sikukataa. Nilicheka tu. Na leo Mama Yoana alikuwa hapo hapo mlangoni mwa duka na kikapu chake. Niliona aibu kusema mtoto wa kidato cha nne anakaa nyumbani anachora mbuzi. Nikasema, "Ni karani wa sensa. Anajaza fomu tu."

Basi kwa kujaza hii ya mpira inatosha, akasema Mzee Hamisi. Nikaichukua. Sikuuliza kitu tena, nilitaka kutoka tu.

Nimefika nyumbani. Kwa marehemu mama yangu kitu kipya hakikutumika kabla ya kupakwa siagi. Jembe. Mpini. Hata mimi siku naanza shule nilipakwa kwenye paji la uso. Nimefungua pakiti nyuma ya nyumba, nikapaka siagi kile kichwa cha mpira, chote, vizuri. Nikaomba. Nikampa. Alifurahi mno. Hilo nalo linaniuma.

Jumatano, 10 Agosti

Kioo kimejaa ukungu wa mafuta. Mstari unaruka. Felista aliuliza mbona kalamu ina mafuta. Nikasema labda ndivyo zinavyotoka kiwandani. Uongo wa pili huo.

Aliifuta kwa kanga, akaifuta tena. Hata ikiwa kavu ni nene vilevile. Akasema, asante mama, nzuri. Baadaye nikamkuta jikoni anachora kwa kidole, kalamu ameificha mfukoni nisiione. Afadhali angenisema.

Nikamwambia nitairudisha dukani. Akasema twende wote, kishikwambi lazima kiwepo ili kalamu ijaribiwe juu yake. Nimejaribu kumzuia. Nimesema ana kazi, nimesema njia ni vumbi. Amekataa. Naogopa. Mzee Hamisi atamwita karani.

Alhamisi, 11 Agosti

Alimwita karani. Kabla hata hatujamaliza kumsalimia. "Karibu karani, kalamu imegoma?"

Felista akanitazama.

Mzee Hamisi akaishika kalamu, akainusa. "Mama, hii uliikaanga?" Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka, ila macho ya mwanangu. Akasema hii hairudi dukani, nani atanunua kalamu ya siagi. Lakini nyingine anaweza kunichagulia, aelezwe tu kazi yenyewe ni ipi, maana kwa kujaza fomu hii ilitosha kabisa.

Felista angeweza kujibu mwenyewe. Alikuwa ananisubiri mimi.

Nikasema, "Siyo karani. Nilikudanganya. Mwanangu anachora."

Sauti ilitoka ndogo. Mzee Hamisi hakucheka. Alisema tu kwamba ningesema mapema, kuchora kunataka kalamu yake. Akaomba kishikwambi. Ile ya kuchaji ikagusa kioo, hakuna kitu. Akasema hiyo inasikilizana na vishikwambi vya kampuni iliyoitengeneza tu. Kwa ile ya kisahani Felista akavuta mstari mmoja. Mwembamba kama uzi. Anaona pale pale ncha inapogusa. Akachora sikio la mbuzi juu ya kaunta, na wale waliocheka wakasogea kutazama.

Nimemwachia Mzee Hamisi swaumu niliyokuwa nimebakiza, iwe malipo ya kalamu. Nyingine nitampelekea.

Njiani Felista alinitangulia mpaka tulipokaribia nyumbani. Ndipo akasema, "Mama, unanionea aibu?"

Nikamjibu nilijionea aibu mwenyewe. Nusu ni kweli. Na yeye pia nilimwonea aibu. Naandika hapa maana mdomoni neno hilo halikutoka.

Ijumaa, 12 Agosti

Amechora tangu kumekucha. Hakula. Mbuzi, kanga, punda, fisi. Miguu ya mbuzi sasa ni ya mbuzi. Jioni alipanda mlimani kutafuta mtandao, akazituma.

Maneno kati yetu ni machache. Maji, kuni, chakula.

Jumapili, 14 Agosti

Baada ya ibada Mama Yoana akauliza, mbele za watu, karani wetu anaanza lini. Nikamwambia kwangu hakuna karani, kuna mchoraji. Anachora nini? Mbuzi, nikasema. Akasema mbuzi hata yeye anao, na hawajawahi kuomba kuchorwa. Wakacheka sana. Uso uliniwaka mpaka nafika nyumbani. Felista alikuwa nyuma yangu, alisikia yote.

Babati hawajajibu.

Jioni hii alikuja jikoni na kalamu mpya, akaiweka mapajani mwangu. Akasema bibi asingeiacha hivi hivi. Nikachukua siagi kidogo kwenye ncha ya kidole. Akanionyesha mahali, juu kabisa, mkiani, mbali na kile kisahani.

Nimepaka hapo.