Kutendua Sura ya Mama

Jumatatu, 6 Agosti

Pua bado. Nimeshinda na pua ya Mama tangu wanafunzi waondoke. Ikivimba, natendua, kompyuta inarudi hatua moja nyuma. Ikichongoka, natendua. Wanafunzi wangu wanasema "tengua." Nawaambia kinachotenguka ni udhu, kwenye kompyuta tunatendua. Wanacheka, kesho yake wanasema tengua tena.

Programu hii ya kuchongea sura aliileta mwenye kituo hiki cha kompyuta ninakofundisha, kutoka Dar, kwenye CD ya kunakili. Tangu biashara iwe huria, Newala unapata kila kitu ila maji.

Alhamisi, 9 Agosti

Nembo, zile chale zetu za mashavuni, zimekaa. Na tundu la ndonya, kile kipande cha mti kwenye mdomo wa juu. Mama hakuwa na picha hata moja. Mpiga picha wa mjini aliicheka ndonya yake, naye akaapa hatasimama tena mbele ya kamera. Akatimiza. Kaburi lake liko Mkunya. Sura yake imebaki kichwani mwangu na mwa Baba tu.

Na Baba macho yanakwenda. Mtoto wa jicho, yote mawili. Nataka amwone Mama kabla hayajafunga. Nina haraka.

Ijumaa, 10 Agosti

Ndiye.

Nimemaliza makunyanzi, na kope la kushoto, lile lililokuwa likilegea akichoka. Nimelia bila aibu. Nimehifadhi. Hapa ukigusa kitu unahifadhi. Jenereta ya mji haiagi ikiondoka. Vidole vyangu vinahifadhi vyenyewe, hata nikiwa nawaza ugali. Kesho Baba anakuja.

Jumamosi, 11 Agosti

Nina hasira, sijui na nani.

Baba alifika asubuhi. Nikamvutia kiti karibu na kioo cha kompyuta, kiwiko kikagonga kipanya, mdomo wa Mama ukavutika hadi sikioni. Baba alichonga mpingo maisha yake yote. Akanicheka: "Kwenye mti ukikata umekata, mwanangu."

"Huku tunatendua, Baba." Nikabonyeza.

Kitufe kikanasa. Vumbi letu hili jekundu. Ikawa inatendua yenyewe: mdomo ukarudi, kope likainuka, makunyanzi yakafutika moja moja, mashavu yakajaa. Nahangaika kukibandua kwa ukucha, Baba akanishika mkono.

"Hapo! Acha hapo! Huyo ndiye niliyemtoa ng'ambo ya Ruvuma."

Kitufe kikaachia. Taa zikafifia. Vidole vikahifadhi. Umeme ukakatika.

Baba alibaki anatabasamu mbele ya kioo cheusi. Nikamsindikiza hadi barabarani.

Jumapili, 12 Agosti

Umeme umerudi. Nimefungua. Yumo msichana wa Baba, peke yake. Kompyuta ikizimika inasahau ilikopita. Hakuna tena cha kutendua wala cha kurudisha. Yule niliyemjua mimi nimemfuta kwa vidole vyangu mwenyewe.

Nimejaribu makunyanzi upya. Yanatoka ya bibi mwingine. Kope nalo linalegea vibaya, kama la mlevi. Namtaka Mama. Nimechoka kuwa mtu mzima.

Jumatano, 15 Agosti

Sikugusa kitu. Nimefundisha, nimepanga foleni ya maji, nimelala.

Alhamisi, 16 Agosti

Baba amekuja tena, bila kuitwa. Alikaa pua karibu iguse kioo, akamsimulia msichana habari za mikorosho, kwa Kimakonde, kwa sauti ya kijana anayeposa. Nilikuwa nimepanga kumweleza. Nikatoka nje nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kwake yeye hakuna kilichopotea.

Alipoondoka nikakaa kwenye kiti chake. Msichana mzuri. Nembo ni za Mama, tundu la ndonya ni la Mama. Hanijui. Bado hajanizaa.

Nimemwamkia shikamoo hata hivyo.