Aliyekujibu Si Mimi

Magamba, Lushoto.
17 Agosti, 2003.

Mpendwa mdogo wangu Abdulaziz,

Assalamu alaykum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na joto la huko Muscat lisiwe limekukausha. Sisi huku tunatembea mikono kwapani. Ukungu unashuka kutoka msituni asubuhi na hauondoki mpaka adhuhuri, na kabichi zimechelewa kufunga mwaka huu. Shamsa wangu hajambo, yuko kidato cha pili na amenipita urefu, basi ananidharau.

Nimeandika kwa mkono makusudi. Mwandiko wangu unaujua, ndio ule uliokuwa ukiucheka kwamba kuku kapita kwenye unga. Kaa chini kwanza, Azizi. Kama kuna mwenzako hapo kwenye kambi ya wafanyakazi, mwite akae karibu nawe.

Mama yetu hayupo. Alifariki mwezi wa nne, wakati wa masika, baada ya kuumwa kifua siku chache tu. Tumemzika ubavuni kwa Baba. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Najua sasa hivi unasema Dada Zuhura kachanganyikiwa, mbona juzi tu kaniandikia kuwa Mama anakula vizuri? Si mimi, mdogo wangu. Tangu masika nimekutumia imeli moja tu. Zote zilizofuata kaziandika mtu mwingine kwa jina langu. Shikamoo zako zote ulizoniletea, mwizi ndiye aliyekuwa akiziitikia marahaba.

Ile moja yangu ilisema Mama hali yake si nzuri, omba ruhusa uje. Alikuwa ameshazikwa. Desturi yetu unaijua: mtu aliye mbali hatumtupii msiba usoni, tunamwambia kuna mgonjwa, aje, akifika awaone mwenyewe watu wamekaa kwenye mikeka. Nilikuficha kwa huruma. Kumbe hapo ndipo mwizi alipopata pa kuingilia, maana mgonjwa anaweza kupona. Ningesema Mama amekufa, angemponya vipi?

Basi nikangoja jibu. Nilipoteremka tena mjini kwa Tobia, yule mwenye duka la intaneti karibu na soko, mashine ikanikatalia kuingia. Tobia akasema labda ni mtandao, njoo kesho. Kesho yake ikawa vilevile. Nikakata tamaa, na hasira zote nikakushushia wewe. Nilisema mbele za watu kwamba hata mbuzi ana haya kukuzidi. Mjomba Nassoro ndiye aliyeninyamazisha.

Wiki iliyopita akaja Sharifu, jirani yetu wa zamani aliyehamia Irente, mliyekuwa naye huko Muscat. Alibisha hodi na furushi kichwani, anacheka, akasema, "Mama yuko wapi nimpe mkono? Blanketi lake hili. Abdulaziz kasema miguu inamsumbua na baridi." Jamani! Nilikuwa na bakuli la maharage, likanitoka mikononi. Nikamwuliza ni nani aliyemwambia habari za miguu. Akanishangaa. "Si wewe uliyemwandikia?"

Ndipo nilipojua kwamba umeagizwa dawa, simu na vitenge vya Mama, na kwamba vyote umekuwa ukivipeleka kwa mtu Tanga mjini. Safari hii umetaka kumfurahisha, ukampa Sharifu alete moja kwa moja nyumbani. Mungu akulipe. Bila blanketi lile, Mama angekuwa hai kwako hata mwakani.

Tukaongozana na Sharifu hadi kwa Tobia. Tobia akaniuliza taratibu neno langu la siri lilikuwa nini. Nikamwambia ni Shamsa. Akajikuna kichwa. Akasema huyo mtu hakuvunja kitu, alikaa kwenye kiti kama hiki, akajaribu jina la kijiji, jina la mume, jina la mtoto, mpaka likakubali, kisha akalibadilisha akaweka neno lake.

Ole wangu mimi! Tangu nimzae mtoto huyu, nani bado ananiita Zuhura? Sokoni Mama Shamsa, mtoni Mama Shamsa, misibani Mama Shamsa. Jina ambalo watu wananiita kutwa, tena kwa kupaza sauti kutoka ng'ambo ya bonde, ndilo nililolifanya ufunguo, nikajiona mjanja! Na mlango wenyewe nao mpumbavu. Hapa kwetu mgeni akitikisa mlango mara mbili mbwa wanabweka, jirani anachungulia. Ile mashine ukikosea inakwambia jaribu tena, kwa adabu kabisa, na haimwiti mtu.

Nikamwambia Tobia anipishe nami nijaribu. Nikaandika jina la Baba, likakataa. Nikaandika Shabani, jina la marehemu mume wangu, nalo likakataa. Nikaandika Mwanaheri. Ikafunguka.

Jina la Mama, Azizi. Kalichukua jina la maiti akalifanya kufuli. Nilisukuma kiti nyuma nikasimama, hata Tobia akaniletea maji.

Nimezisoma zote, zako na zake. Ananijua, huyu. Anajua ninavyoanza salamu zangu. Kaandika kwamba Mama anagombana na redio, anaiita mwongo, na wewe unajua hivyo ndivyo Mama alivyokuwa. Hayo hayajui mtu wa mbali. Ni mtu aliyekula kwetu. Nikafika kwenye salamu za mwezi wa sita, Mama anasema usisahau kuvaa kofia juani, na wallahi nilimsikia. Niliisikia sauti yake sikioni, naye yuko chini ya udongo tangu wa nne.

Sijapata amani tangu siku hiyo. Nikiingia jikoni naogopa kumkuta amekaa anachochea moto na kunidai salamu zako. Nikiwa njiani, mtu ananisalimu kwa Kisambaa ndani ya ukungu, "Onga mshi, Mama Shamsa!", nasimama. Naitikia, lakini namtazama usoni nikijiuliza, ni wewe? Efrazia, mwenzangu wa sokoni, kanikaribisha uji juzi nikasingizia tumbo. Masikini, huenda hana kosa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi sijui nivue nguo ipi.

Nimekwenda kutoa taarifa. Askari kaniuliza vizuri tu, mama, umeibiwa nini? Nikaaga, nikarudi nyumbani.

Tobia amenibadilishia neno la siri, na safari hii si jina la mtu. Hata hivyo, ukipata imeli yoyote kutoka kwangu usiijibu. Na huyo wa Tanga usimpelekee tena kitu.

Sasa lililo zito. Mwezi wa tano uliandika, "Dada, nipigie Mama magoti. Niliondoka alfajiri bila kumuaga kwa kuwa alinikataza safari. Niombee radhi." Kesho yake ukajibiwa kwamba Mama kalia, kakusamehe, na radhi yake unayo duniani na akhera. Ukashukuru, ukasema siku ile ndipo ulipopata usingizi kwa mara ya kwanza tangu ufike huko. Nilipofika hapo nililia kwa sauti, mpaka Sharifu akatoka nje.

Ombi lako halikumfikia Mama. Lilimkuta kaburini. Radhi uliyoipokea kaiandika mwizi.

Nami kalamu ninayo, Azizi. Ningeweza kukuandikia kwamba kabla roho haijamtoka alitamka kuwa kakusamehe. Usingejua kamwe, ungelala tena. Nimeianza sentensi hiyo nikaichana karatasi. Neno hilo ameshalitumia yule mwingine, na mimi simtii Mama maneno mdomoni.

Nitakwambia nililolisikia kwa masikio yangu. Siku ya mwisho, kila mlango ulipolia aliuliza, "Ni Azizi?" Nikamjibu siye, ni Mjomba. Siye, ni Shamsa. Ukilia tena anauliza tena, mpaka sauti ikamwisha, ikabaki midomo tu. Hakusema kakusamehe, wala hakusema kakukasirikia. Alikuwa akikuulizia.

Mjomba Nassoro anakusalimu, anasema hitima ya kwanza tuliisoma bila wewe, ya pili tutakungoja. Shamsa anakupa shikamoo, na Sharifu naye anakusalimu. Mwenyezi Mungu akupe subira, na akufikishe nyumbani salama. Barua usinijibu. Njoo wewe mwenyewe, ubishe mlango.

Dada yako akupendaye daima,
Zuhura