Bwana Kesho Ukutani

Wee! Uko wapi? Umeniua leo. Umeniua kabisa!

Niko jukwaani kwenye mkutano wa watengeneza tovuti, watu wamejaa hadi mlangoni. Kompyuta yangu wameiunganisha na skrini ya ukuta mzima. Ndiyo kwanza naonyesha yale marekebisho yangu ya kitufe cha kutafuta, mara ujumbe wako unachomoza pale juu:

"Usimwogope Bwana Kesho, naye hukoroma kama sisi."

UKUTANI, mwenzangu! Wote wakausoma.

Na yeye kakaa mstari wa mbele! Mkuu mwenyewe wa mradi wetu wa tovuti. Mradi huria, eti kila mtu anakaribishwa kuchangia, ila hakipiti kitu mpaka yeye akubali.

Akauliza taratibu, "Bwana Kesho ndiye nani?"

Nilitaka kusema ni mjomba wangu. Mdomo ulishaanza, "Ni mjo..." Halafu nikasema potelea mbali.

"Ni wewe. Marekebisho haya nilikuletea mwaka juzi. Kila nikikuuliza, unaniambia kesho."



Nyuma kabisa mtu akapaza sauti, "Hata mimi!" Mwingine, "Na mimi!"

Jamaa akasimama, uso umemshuka. "Basi, basi, nimesikia. Nitayaangalia kes..."

Akajing'ata ulimi. Ukumbi mzima ukammalizia: "HO!"

Sasa waandaaji wamenivuta pembeni, wanataka nimwombe radhi kabla watu hawajatawanyika. Radhi ya nini? Sikutukana mtu mimi.

Nimewaambia wasiwe na wasiwasi, nitamwomba.

Kesho.