Kuni kwa Kila Kinywa

Baraka, Juni 2000

Kwa yaya Norbert, kaka yangu mkubwa, kambini Lugufu,

Pokea salamu zangu kutoka huku ng'ambo ya ziwa. Goti lako linaendeleaje? Mama Georgette na watoto wamepona homa? Mimi mwili ni mzima. Barua yako niliipata kwa Mahmudu wa mtumbwi, nawe bado unauliza lile lile: tutavuka lini, mimi, Vainqueur na Divine? Nilikujibu kwamba nawangoja mume wangu na mtoto warudi kutoka Misisi, kisha nikasema kazi inanishika. Leo nikueleze kazi yenyewe.

Watu wa kanisa wanataka kujua kuni za Baraka zinaishia wapi. Wanawake wanaozifuata mlimani wanakutana na wenye bunduki, na wengine hawarudi. Basi nikapewa mizani nipime kila kazi inakula moto kiasi gani kwa kile inachotoa: kuni kwa beseni la samaki, kwa sinia la mikate, kwa dumu la mawese, na mazutu, yaani dizeli, ya kinu kwa gunia la mihogo. Mbabula mpya, yale majiko yasiyokula kuni nyingi, zitaanza kugawiwa pale moto unapopotea zaidi.

Ungecheka, yaya. Kila mtu anamsingizia jirani. Wote waliniambia wachoma matofali ndio wanaomaliza msitu, lakini nani anajenga siku hizi? Tanuri zao zimeota majani. Arlette, anayekausha samaki wa mikebuka kwa moshi, alinifukuza mara ya kwanza. « Kama unapima moto yangu, upime na njaa ya batoto yangu, » alisema. Kumbe yeye na wenzake wanatumia jiko moja kwa zamu, wa pili anapanga samaki wake kabla makaa ya wa kwanza hayajapoa. Hakuna aliyewashinda kwa kubana kuni. Nilipompelekea habari hiyo alinipa kichwa cha samaki, nikaenda kukila peke yangu.

Majumbani tuligawanya uzito wa kuni kwa idadi ya vinywa vinavyokula. Nyumba moja nilijaza uzito wa kuni, mahali pa vinywa nikaacha wazi. Alphonse, mkubwa wa bureau, ofisi yetu ya kazi hii, aliniuliza ni ya nani. Nikasema ni yangu.

Alikuja mwenyewe jioni, akakuta sufuria kubwa ya bugali na sahani tatu. Unajua kwetu sufuria haipunguzwi wakati watu wako njiani. Mama alipika hivyo miezi yote Baba alipokuwa Kalemie. Kinachobaki nampelekea Arlette asubuhi, namwambia unga ulinizidi. Alphonse aliziangalia sahani, akauliza polepole: « Mama Divine, niandike bantu ngapi? »

Niliifunika sufuria. « Andika mumoja, » nikasema.

Nisamehe, yaya, nimekuficha. Suzanne, anayeuza sabuni Misisi, aliniambia tangu mvua zilipoanza. Walishambuliwa barabarani. Alikuwepo walipozikwa, baba na mtoto katika kaburi moja. Nilimshukuru, nikaingia ndani nikawasha moto. Niliona kwamba siku nitakayopunguza unga, mimi ndiye nitakayekuwa nimewazika. Sikumwambia mtu, hata padri. Upweke wa nyumba hii ni mkubwa, yaya, nausikia hata nikiwa sokoni katikati ya watu.

Kwa hesabu ya Alphonse, hakuna nyumba Baraka inayochoma kuni nyingi kwa kinywa kimoja kama yangu. Alitaka kuiondoa kwenye orodha kwa huruma, nikakataa. Kuni zile kuna mwanamke aliyezifuata mlimani akiogopa, na mimi nilizichoma. Ibaki imeandikwa. Usiku ule nilipika bugali ya ngumi moja, na nikalia mpaka ikapoa.

Mama Georgette mpe mkono wangu, watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu, na majirani zetu wa Nundu walioko huko uwaambie bado nawakumbuka kwa majina. Mungu awafunike.

Mahmudu ameniambia ulimwomba atuwekee nafasi tatu mtumbwini. Nimemwambia moja inatosha.

Mdogo wako,
Pulchérie