Mama Mkwe Amewashia Jiko Chumba cha Wageni

Mshauri mpendwa, naomba msaada, nimekwama na sioni pa kushika. Mimi ni msanifu majengo, na mama mkwe aliniomba nimchoree nyumba mpya kwa sababu anayokaa imechoka na inavuja, nami kwa heshima niliyonayo kwake sikutaka kukurupuka na mchoro kama fundi yeyote, nikaanza na dhana, nikaichota kwenye asili yenyewe, nikatengeneza modeli nne: Upepo ni nyuzi na karatasi laini, haina kuta wala mlango kwa sababu upepo haufungiwi, Maji ni chupa za plastiki nilizozikata, paa liko wazi ili mvua ishuke mpaka sebuleni izungumze na wakazi, Udongo bado unakauka juu ya meza ya chakula, kwa hiyo tunakula tumepakata sahani, na Moto, ambayo ndiyo roho ya kazi yangu, nimeisimamisha kwa njiti za kiberiti tupu, vichwa juu.

Jumapili mama mkwe akaja, nikamweleza yote, akasikiliza vizuri sana, kisha akauliza, "Baba, na mimi nalala wapi?" Nikamwambia hatujafika huko, kwanza aihisi nafasi. Akaenda jikoni kuchemsha chai, akakuta kiberiti hakina njiti hata moja, akarudi akang'oa mbili kwenye Moto akawashia jiko, mshauri, chumba cha wageni chote kimeteketea hivi hivi naona! Nikapandisha sauti, nikamwambia haelewi sanaa. Mke wangu alikunja nguo zake akaondoka na mama yake, na sasa anakaa kule kule kunakovuja, anasema afadhali avujiwe na mvua ya kweli. Nampenda, namtaka arudi. Je, nimtengenezee modeli ya tano, ya msamaha?

Msanifu Mpweke

Msanifu, pole. Pole nimeshakupa, sasa kaa nikuseme.

Modeli ya tano? Ukome! Mtu mzima unampandishia mama mkwe sauti kwa ajili ya njiti za kiberiti? Tena umshukuru, maana katika nyumba zako zote nne hicho ndicho chumba pekee kilichowahi kumfaa mtu.

Sina ugomvi na sanaa, na kufikiri kwa mikono kabla ya kujenga ni jambo la busara. Lakini hivi wewe, hiyo nyumba anayoikimbia ulikwenda kuiangalia? Nyumba inayovuja naijua, nimelala ndani yake. Maji yanakudondokea kitandani, upepo unacheza na bati, udongo uko sakafuni, na moshi wa jikoni unaingia mpaka kwenye shuka. Masikini, mama wa watu anaishi ndani ya modeli zako miaka yote! Alikuja kwako umtoe, ukamrudishia zile zile na hotuba juu.

Sasa sikia. Huo udongo utoke mezani leo. Nenda ukweni bila modeli hata moja, beba futi ya kupimia, ngazi na misumari ya bati. Omba radhi kwa mama kwanza, mke baadaye, na neno dhana nisilisikie. Panda uzibe panapovuja, halafu ushuke upime kitanda cha mama, nyumba uianzie hapo.

Na mlango, tafadhali, uchore mapema. Mkeo akikusamehe atataka pa kuingilia.