Rufaa ya Daraja la Pili

Gisozi, Kigali
Machi 4, 2024

Dada Kaze,

Assalamu aleikum. Habari za Kigoma? Presha imeshuka? Huku wazima, ila nyonga yangu.

Uliuliza rufaa imeendaje. Imekataliwa. Nimebaki daraja la tatu la ulemavu, lilelile nililopewa nilipotoka jeshini. La pili lingetupatia nyumba ya tambarare, tuondoke kwenye huu mlima. Daktari wa bodi ya rufaa aliniambia nipande ngazi za pale nje. Kwenye benchi walikaa askari wa zamani, na Spéciose aliyekuwa chini yangu vitani. Nikapanda bila kushika ukuta, nikashuka vilevile.

"Afande, uko imara," daktari akasema.

"Ndiyo," nikajibu.

Nyumbani mguu wa bandia ulikataa kuvulika, kigutu kimevimba. Naruhusiwa kurudi kwenye bodi mara moja tu. Sidhani kama nitarudi.

Mdogo wako,
Nasiri

Kigoma
Machi 19, 2024

Mdogo wangu Nasiri,

Waaleikum salaam. Presha inapanda na kushuka, alhamdulillahi.

Nilicheka, halafu nikakasirika. Ulikwenda kuomba au kupiga gwaride? Madaktari wanapima wanachokiona. Rudi, na uende na mkeo. Mama Usumani ndiye anayekuona nyumbani. Akiongea, funga mdomo.

Dada yako,
Kaze

Kigoma
Juni 30, 2024

Nasiri,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mbona kimya? Kama nimekuudhi, niambie.

Dada yako

Gisozi, Kigali
Septemba 8, 2024

Dada,

Shikamoo. Hujaniudhi. Sikuwa na la kusema.

Tulikwenda wiki iliyopita. Daktari aliuliza nalalaje. Nikasema, "Vizuri."

Mama Usumani akasema, "Mwongo huyu."

Akaeleza. Kwamba nalala nimekaa kitini. Kwamba ananiogesha. Kwamba niliacha kwenda msikitini nikisingizia kazi, kumbe nikishasujudu siwezi kuinuka. Hilo sikujua kama analijua. Hakulia wala hakupaza sauti. Mimi nilitazama sakafu, na mdomo niliufunga kama ulivyosema.

Wamenipa daraja la pili.

Tulisubiri basi Remera, kituo kimejaa watu. Akasogea, akanipa bega. Miaka yote nimekuwa nikilikataa mbele za watu. Nikalishika, na sikuliachia mpaka basi lilipokuja.

Mdogo wako,
Nasiri